MTU NI AFYA NA SWALI LA MPANGAJI

Mwaka 2024 Wizara ya Afya ilizindua upya kampeni ya afya kwa jina ambalo wazee wa nchi hii walilisikia redioni kwa mara ya kwanza mwaka 1973, yaani Mtu ni Afya. Sisi tunaofundisha siasa kwa makada tulilipokea jina hilo kwa furaha, maana ni miongoni mwa majina machache ya miaka ile ambayo mwananchi wa kawaida anayakumbuka bila kukumbushwa. Lakini jina ni jina. Kada hana budi kuuliza kama mbinu nayo imerudi, na kama mbinu yenyewe, hata ilipokuwa katika ubora wake, iliweza kujibu swali la mji. Katika makala hii tunakusudia kuihakiki kampeni ile ya kwanza kama inavyohakikiwa kazi yoyote ya fikra, kisha kuilinganisha na jinsi tulivyopambana na kipindupindu katika Dar es Salaam mwaka 2015. Msimamo wetu tunausema mapema: kampeni ya 1973 ilikuwa sahihi katika namna ilivyomchukulia mwananchi, na ilikosea katika namna ilivyoichukulia nyumba yake. Sisi tuliokuja baadaye tumeliacha lililo sahihi tukalibeba kosa.

Somo lililoishia katika jembe

Tuanze na lililo sahihi, kwa sababu makada vijana wengi hawalijui. Mtu ni Afya iliongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kushirikiana na Wizara ya Afya, Radio Tanzania na Chama, kwa muda wa majuma 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi. Watu wazima wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza redio, nao wakajifunza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Mwishoni mamia ya maelfu ya vyoo yalikuwa yamechimbwa.

Wapo wanaotaja hesabu hizi kwa kujivuna tu, kisha wakapita. Hesabu si kiini cha jambo. Kiini ni mpangilio wa somo lenyewe. Watu walikaa chini ya mwembe au katika darasa, wakasikiliza kipindi, mmoja wao akasoma kijitabu kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asiachwe nje, kisha wakajadiliana: Je, ugonjwa huu upo hapa kwetu? Unatoka wapi? Tufanye nini? Kikao hakikutarajiwa kuishia katika maneno. Kilitarajiwa kutoa uamuzi, na uamuzi utoe kazi, na kazi ifanywe na walewale walioamua.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya elimu na tangazo. Tangazo lina msemaji mmoja, na msikilizaji hana pa kujibu. Linamchukulia mwananchi kuwa kichwa kitupu cha kumiminiwa maagizo: nawa, chemsha, funika, usile hiki. Kampeni ya 1973 ilimchukulia mkulima kuwa mtu mwenye akili, anayeweza kutazama mazingira yake na kugundua mwenyewe chanzo cha ugonjwa wake. Miaka miwili kabla, Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umewakemea viongozi wenye majivuno na amri. Mtu ni Afya ilikuwa ni Mwongozo uliopelekwa chooni, na wanaocheka usemi huu hawajawahi kuishi penye kipindupindu.

Mtu yupi?

Sasa tugeukie kosa. Kijitabu kilikuwa kinazungumza na mtu wa namna gani? Kilizungumza na mtu mwenye kiwanja, mwenye jembe, na mwenye uwezo wa kuamua leo kwamba kesho atachimba shimo nyuma ya nyumba yake. Mtu huyo alikuwepo, na ndiye alikuwa Mtanzania wa kawaida wa 1973. Kampeni ilimlenga yeye na ilimpata.

Lakini wakati uleule kulikuwa na mtu mwingine, na idadi yake ilikuwa inaongezeka upesi. Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821 katika sensa ya 1967. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728. Wengi wa watu hao walipokelewa na nyumba tunayoijua wote: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani kuna choo kimoja, bafu, na mahali pa kupikia. Katika kila chumba kuna familia. Manzese, Tandale, Mwananyamala, Keko, Tandika na Mbagala zilikua kwa nyumba hizo. Mkazi wa chumba ni mpangaji. Choo si chake. Ardhi ya kuchimba choo kingine hana, na hata angekuwa na jembe na nguvu, ruhusa hana. Mwambie mtu huyu kwamba mtu ni afya, atakubali. Kisha atakuuliza afanye nini, na kijitabu hakina jibu.

Tunajua wapo watakaosema hili ni suala la kawaida la unyonyaji, kwamba mwenye nyumba ni kabaila wa mjini na dawa yake inajulikana. Tuwe waangalifu. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, nayo yalikuwa hasa majengo makubwa ya katikati ya mji na Upanga. Nyumba ya udongo na makuti ya Manzese haikuguswa, na ilikuwa haki isiguswe. Mwenye nyumba huyo mara nyingi ni bibi aliyefiwa na mume, anayekaa chumba cha mbele na kuishi kwa kodi ya vyumba vitano. Kumwita bwanyenye ni uvivu wa fikra. Lakini kwa sababu hakuwa bwanyenye, tukaacha kabisa kuuchunguza uhusiano wake na mpangaji. Nadharia yetu ilikuwa na mkulima, mfanyakazi, mrasimu na bepari. Bibi mwenye choo kimoja na wapangaji ishirini hakuwa na mahali.

Na uhusiano huo ndio unaoamua afya ya mtaa. Choo kinapojaa, kukinyonya kwa gari ni gharama, na gari lenyewe haliwezi kupita katika vichochoro vya Tandale. Mwenye nyumba anasema wanaokijaza ni wapangaji. Wapangaji wanasema choo ni cha mwenye nyumba. Basi watu wanangoja masika. Mvua kubwa ikinyesha usiku, choo kinatapishwa, na kilichokuwamo kinakwenda na maji kupitia uani kwa jirani hadi Mto Ng'ombe. Kila mkazi wa bonde lile anajua neno hili la kutapisha, na hakuna kampeni hata moja iliyowahi kulifanya kuwa somo la kikundi.

Agosti 2015

Kipindupindu cha 2015 kilitangazwa katikati ya Agosti, kikianzia Wilaya ya Kinondoni. Wakati ule Kinondoni ilikuwa bado imebeba Manzese na Ubungo, kabla ya kugawanywa mwaka uliofuata. Kikaenea Ilala na Temeke, kisha mikoani na Zanzibar. Hadi Aprili 2016 walikuwa wameugua watu zaidi ya 24,000 nchini kote, na zaidi ya 370 walikuwa wamekufa. Ugonjwa huu haukuwa mgeni kwetu. Ulikwisha kutupiga vibaya mwaka 1977 na 1978, na umerudi mara nyingi baada ya hapo. Kwa hiyo hatuwezi kusema tulishtukizwa.

Tulifanya nini? Wauguzi na madaktari walifanya kazi ya kishujaa katika kambi za wagonjwa, na hilo halina ubishi. Dawa ya klorini iligawiwa. Lakini hatua ya mamlaka ambayo mwananchi wa kawaida aliiona kwa macho yake ilikuwa marufuku: marufuku kuuza vyakula barabarani, marufuku matunda ya kumenywa, marufuku juisi. Migambo wakashuka. Masufuria yakabebwa. Mama ntilie, ambaye kwa miaka yote ndiye aliyewalisha vibarua wa ujenzi, makuli, makondakta na waendesha bodaboda, akageuka ghafla kuwa chanzo cha ugonjwa.

Hebu tulitazame jambo hili kisayansi, kwa kuwa Chama kinadai kuongozwa na sayansi. Kijidudu cha kipindupindu hufa kwa moto. Ugali uliotoka jikoni sasa hivi na maharage yaliyochemka saa mbili ni miongoni mwa vyakula salama kabisa katika mtaa wenye kipindupindu. Hatari kwa mama ntilie ipo katika ndoo ya kuoshea sahani, katika maji ya kunawa yanayotumiwa na watu thelathini, katika kachumbari, na katika maji ya kunywa yanayochotwa kwa kikombe kimoja. Hatari yote hiyo ni maji. Mama ntilie hana bomba. Ananunua maji kwa dumu kwa mwenye mkokoteni, ambaye ameyanunua kwa mwenye kisima, na kisima kile kimechimbwa hatua chache kutoka choo cha jirani. Anayanunua kwa bei inayozidi ile ya mwenye bomba wa Masaki, hivyo anayatumia kwa kubana. Mwenye akili timamu angetafuta jinsi ya kumpelekea maji safi mengi pale penye sufuria lake. Sisi tulimpelekea mgambo.

Matokeo tuliyaona wenyewe tulipokuwa tukipita mitaani. Biashara haikufa, ilihamia nyuma ya kuta na kwenye magenge ya vichochoroni, penye maji kidogo zaidi na bila jicho la bwana afya. Mlaji naye hakuacha kula, maana kibarua hawezi kurudi Mbagala kutoka Tegeta kwa ajili ya chakula cha mchana. Na hii haikuwa mara ya kwanza kwa mji kumwona mchuuzi wa chakula kama uchafu wa kufagiwa. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi iliwakamata wachuuzi kwa jina la wazururaji. Sababu hubadilika, sufuria linalobebwa ni lilelile.

Hapo lazima tuseme na jambo la Novemba 2015, ingawa wapo watakaoona si adabu. Rais Magufuli alizifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba akaagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima, kwa sababu ya kipindupindu. Uamuzi ule uliwagusa watu. Viongozi walishika mafagio, na baadaye ikawekwa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi kuwa siku ya usafi. Fedha zilizookolewa, shilingi bilioni 4, zilielekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, ambayo ipo Kinondoni. Barabara ile ilihitajika, nasi tunaitumia. Lakini kada anayejifunza kuhakiki sera hana budi kuona kwamba katika wilaya ileile ugonjwa ulikoanzia, fedha zilizopatikana kwa jina la kipindupindu zilipita kilomita chache kutoka Tandale na kwenda kwenye lami. Fagio nalo huondoa kinachoonekana. Kijidudu cha kipindupindu hakifagiwi, na kimo ndani ya kisima.

Chakula ni uhai, kwa maji ya mto gani?

Kosa hilihili la kuzungumza na mtu asiye na mamlaka juu ya maisha yake limo katika mafundisho yetu ya chakula. Mwaka 1975, baada ya ukame na njaa ya 1973 na 1974, kampeni ya pili iliitwa Chakula ni Uhai, nayo ilikusanya watu wapatao milioni 1.5 kwa mbinu ileile ya vikundi. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa imeanzishwa kwa sheria ya 1973. Msingi ulikuwa mzuri. Tatizo la wakati ule lilikuwa uhaba na mtoto aliyedhoofu.

Leo tuna matatizo mawili katika nyumba moja. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wakati huohuo asilimia 36 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Mwaka 2023 nchi ilipata Mwongozo wa Kitaifa wa Chakula na Ulaji, ambao kwa ujumla unashauri mambo sahihi: mboga na matunda zaidi, mafuta, chumvi na sukari kidogo. Hatuna ugomvi na ushauri huo. Ugomvi wetu ni na wanaousoma kwa wakazi wa Temeke kana kwamba wanaugua kwa kutokujua.

Mkazi wa Tandika anajua kwamba maharage ni bora kuliko chipsi. Anajua pia kwamba maharage yanahitaji saa mbili za mkaa, na mkaa anaununua kwa kopo. Chipsi zimekwisha kukaangwa. Mwaka uliopita tulikuwa na darasa la mabalozi wa mashina kutoka Temeke, tukawaeleza habari za kuchemsha maji na kupika vyakula vya asili. Mama mmoja, balozi wa muda mrefu, alisimama akasema, "Ndugu mkufunzi, mimi nikimwambia mtu achemshe maji ananiuliza mkaa atanunua nani. Nimwambie Chama?" Darasa lilicheka. Sisi hatukuwa na jibu, tukaendelea na ukurasa uliofuata. Tunakiri hivyo kwa sababu mkufunzi anayekwepa swali analiacha darasani likifundisha badala yake.

Na mboga je? Mchicha na matembele vinavyouzwa katika masoko ya jiji kwa sehemu kubwa hulimwa mabondeni mwa mji wenyewe, na bonde la Msimbazi ni mojawapo. Wakulima wake ni watu hodari wanaolima kila kipande cha ardhi walichopata. Maji ya kumwagilia ni ya mto, na mto hupokea majitaka ya viwanda na ya vyoo vilivyotapishwa. Hivyo choo cha mpangaji wa Manzese kinakutana na mwongozo wa ulaji katika fungu moja la mchicha. Haiwezekani kuandika sera ya chakula bora katika ofisi moja na sera ya magonjwa ya mlipuko katika ofisi nyingine wakati mto ni mmoja. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango. Huenda kwa chakula cha kiwandani lilikuwa jambo la maana. Ila fungu la mchicha halina nembo ya kiwango, na bwana afya wa kata ndiye anayebaki nalo, peke yake, mara nyingi bila hata pikipiki.

Kujiandaa ni kufanya nini?

Mwezi Februari 2016, kipindupindu kikiwa bado kinaua, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kukubali kukaguliwa na wataalamu wa nje kuhusu utayari wake wa kukabili magonjwa ya mlipuko. Lilikuwa jambo la ujasiri. Maabara, mawasiliano ya dharura na ukaguzi wa mipakani vina umuhimu wake. Ugonjwa wa Marburg uliotokea Kagera mwaka 2023 ulizimwa baada ya watu tisa kuugua na sita kufa, na kazi ya namna hiyo haifanywi na nchi isiyojiandaa.

Lakini utayari wa maabara unaanza mtu akiishaugua. Utayari wa mtaa ni kitu kingine. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliona ndoo zenye bomba na sabuni mbele ya kila duka, kila genge na kila kituo cha daladala. Hazikuletwa na mgambo. Mama ntilie walinunua ndoo zao wenyewe, na wengine waliweka watoto wa kuwahimiza wateja wanawe. Hofu ilipokwisha ndoo zikaondoka, kwa sababu maji ya kuzijaza yalikuwa ya kununua. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua na jiji likawekwa katika mgao mkali, hata wenye bomba walionja maisha ya wasio nalo. Kabla ya hapo, kati ya 2003 na 2005, tulijaribu kukodisha uendeshaji wa maji ya jiji kwa kampuni binafsi, hadi Serikali ikavunja mkataba. Historia hii yote ya maji ni historia ya kipindupindu, ingawa imeandikwa katika majalada tofauti.

Basi tunapendekeza nini kwa kada? Tunapendekeza kikundi cha 1973 kirudi, lakini kikae uani, na mjumbe wake wa kwanza awe mpangaji. Kiwepo kikundi kimoja kwa kila nyumba chache, na balozi wa shina awe mwitishaji bila kuuliza kadi ya mtu, maana kijidudu hakiulizi. Mwenye nyumba akae, wapangaji wakae, mama ntilie wa kona ile akae. Swali la somo lisiwe tu kipindupindu huletwa na nini, kwa sababu hilo wanalijua. Liwe: choo chetu kitajaa mwezi gani, kitanyonywa kwa njia ipi, na nani atachangia kiasi gani kutoka katika kodi? Kisima chetu kipo hatua ngapi kutoka choo? Dumu moja la maji safi likifikishwa hapa kila asubuhi kwa ajili ya kuoshea sahani, gharama yake ni ya nani: mama ntilie, wateja, au halmashauri inayomtoza ushuru?

Maswali haya yataleta ugomvi. Katika darasa la majaribio tuliloendesha upande wa Mbagala, kikao cha kwanza kilivunjika kwa matusi kati ya mzee mwenye nyumba na vijana wawili waliopanga kwake. Juma la pili walirudi wote watatu. Mzee alikuja na daftari ambamo alikuwa ameandika kodi aliyopokea kwa mwaka na bei aliyotajiwa na watu wa gari la majitaka. Vijana walilisoma kwa sauti, wakajumlisha, na ikaonekana kwamba kodi ya chumba kimoja kwa miezi miwili ingetosha. Walibishana mpaka magharibi kuhusu chumba cha nani.